Ng'ambo ya Kyaka: Safari ya Kufuata Vita vya Kagera Ukingoni mwa Mto

Alhamisi usiku, ziwani

Watu wengi wakisimulia Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, huanzia kwenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, kisha ghafla wako Kampala, Aprili 1979. Hapo katikati wanapita mbio. Mimi nimefunga safari kwa ajili ya hapo katikati: wiki ambazo jeshi letu lilikaa kusini mwa Mto Kagera likiitazama ardhi yetu upande wa pili ikiwa mikononi mwa adui, na namna lilivyovuka kwenda kuisafisha.

Baba mkubwa wangu alikuwa miongoni mwa waliokaa. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, na Novemba 1978 lori likachukuliwa kwa kazi ya vita, na yeye juu yake. Sasa ni mzee, yuko Morogoro. Ukimuuliza habari za Kampala anazimaliza kabla chai haijapoa. Ukimuuliza habari za Kyaka anavuta kiti. "Kyaka tulikaa," husema. "Watu waliuliza, mbona hamvuki? Njoo uuone ule mto ndipo uulize." Basi nakwenda kuuona.

MV Victoria imetoka Mwanza imejaa: magodoro, mitumba, wanafunzi wanaorudi makwao. Ziwa limetulia. Njia hiihii ya majini, kutoka reli ya Mwanza hadi gati ya Bukoba, ilikuwa mshipa mmojawapo wa kupeleka watu na mizigo kule mbele mwaka ule.

Ijumaa, Bukoba

Tumetia nanga Kemondo alfajiri, Bukoba asubuhi, mvua ikinyesha. Nimeuchagua mwezi wa Novemba kwa makusudi. Vita vilianza wakati wa vuli, na vuli ya huku si manyunyu. Sokoni senene wameanza kuuzwa, wabichi na wa kukaanga, na akina mama wanawanyonyoa mabawa huku wakipiga soga. Nimekula ndizi na maharage, nikatafuta chumba, na mchana kutwa nimekuwa juu ya ramani.

Bila ramani vita hivi havieleweki. Mpaka wa Tanzania na Uganda upande huu haufuati mto, wala mlima, wala kabila. Ni mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, uliotokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Burundi na Rwanda, unateremka kutoka magharibi, unapita kusini mwa mstari huo, unafika Kyaka, kisha unapinda kaskazini mashariki na kuingia ziwani upande wa Uganda. Kati ya mto na mstari kuna kipande cha ardhi cha takriban kilometa za mraba 1,800. Ni Tanzania, lakini kimetengwa na Tanzania kwa maji. Mwaka 1978, kwa magari mazito, njia ya kukifikia kutoka Bukoba ilikuwa daraja la Kyaka.

Kwa Amin hilo lilikuwa jambo la kuvutia sana. Alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu akampokea Obote na akakataa kuitambua serikali mpya. Septemba 1972 wapinzani wa Amin waliokuwa Tanzania walivuka Mutukula kujaribu kumwondoa, wakashindwa, na Oktoba mwaka huo yakatiwa saini makubaliano ya Mogadishu ya kuwatenganisha majirani hawa wawili. Uhasama haukufa, ulilala tu. Kufikia 1978 jeshi la Amin lilikuwa likigawanyika na kuasi ndani kwa ndani. Oktoba wakaanza kuvamia vijiji vya mpakani. Tarehe 30 Oktoba wakaingia kwa nguvu zote, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera.

Yaani ule mto, ambao kwa Wahaya wa pande zote mbili ni mahali pa kuchota maji na kuvua samaki, ulifanywa mpaka kwa tangazo la redio. Nikilifikiria hilo, hata leo, nasikia hasira.

Jumamosi, Kyaka

Hiace ya Mutukula imenishusha njia panda ya Kyaka, pale barabara ya Karagwe inapochepuka. Nimekataa bodaboda. Nilitaka kuteremka mtoni kwa miguu.

Mtu akifika hapa jambo la kwanza analoliona ni kwamba upande wa kusini uko juu. Kyaka iko mlimani. Barabara inateremka hadi darajani, na ng'ambo nchi inalala tambarare hadi macho yanapogota: nyasi, vichuguu, miti michache, mashamba ya miwa kwa mbali. Kilimani kuna magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa vita, kuta zimesimama bila paa. Nimekaa kwenye kivuli chake karibu saa nzima, na jibu la baba mkubwa likaanza kunijia lenyewe. Aliye hapa juu anaona kila kitu kule chini, na mizinga iliyo hapa inafika mbali. Lakini kuona si kuvuka.

Mto wenyewe si mpana wa kutisha. Unatisha kwa namna nyingine. Maji ni ya rangi ya udongo, yanakwenda kasi na kimya, na kando kando mafunjo yamefungana kiasi kwamba hujui ardhi inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Mamba wamo, viboko wamo. Mto huu umebeba mengi: mwaka 1994 ulileta hadi ziwani miili ya watu waliouawa Rwanda, na wavuvi wa Uganda ni miongoni mwa walioizika.

Tarehe 3 Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja. Kwanza walituma ndege za kivita kulipiga mabomu, zikashindwa. Ndipo akatafutwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, akatega baruti, na daraja likaanguka mtoni. Walidhani wamefunga mlango. Bila daraja, vifaru na mizinga ya Tanzania visingepita, na askari wa miguu watakaojipenyeza kwenye mafunjo wangekuwa peke yao.

Na jeshi lenyewe halikuwa hapa. Hili ndilo watu hulisahau wanapouliza mbona hamvuki. Mpakani kulikuwa na kikosi kidogo tu. Sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imetawanyika nchi nzima, na wengi walikuwa kusini, kwa sababu miaka ile jicho la Tanzania lilikuwa kwenye mapambano ya kusini mwa Afrika. Kuwaleta ilikuwa ni reli, meli, na zaidi ya kilometa 1,300 za barabara kutoka Dar es Salaam, nyingi zikiwa za udongo, katika mvua kama hii ninayoikwepa chini ya ukuta wa kanisa. Magari ya jeshi hayakutosha, ndipo yakachukuliwa malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi. Mgambo waliitwa, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, Magereza. Vijijini watu walitoa ng'ombe, nafaka, fedha. Baba mkubwa anasema walipofika huku magurudumu yao yalikuwa yamekwisha, wakawa wanaazimana tairi lori kwa lori.

Operesheni ya kuwatoa wavamizi iliitwa Chakaza, na aliyekabidhiwa ni Meja Jenerali Tumainiel Kiwelu. Walipangwa kwenye miinuko hii, mizinga ikaelekezwa ng'ambo, pamoja na mitambo ya BM-21 inayorusha makombora kwa mkupuo. Askari wa Uganda waliyaogopa makombora hayo, wakayaita Saba Saba. Usiku doria zilivuka maji kwenda kupeleleza. Nimeitazama ile kingo nikamfikiria kijana wa miaka ishirini, mtoto wa bara kavu ambaye hajawahi kuogelea, anaingia kwenye mafunjo hayo gizani na bunduki juu ya kichwa. Sifa za vita hivi huwaendea walioingia Kampala, na wanastahili. Lakini mimi ningeziweka nyingi zaidi hapa.

Katikati ya Novemba Amin alitangaza kwamba amekwishaondoa majeshi yake. Dar es Salaam haikusadiki, na haikukubali mazungumzo wakati adui yuko ndani ya nyumba. Kabla mwezi haujaisha wahandisi wa jeshi letu, JWTZ, walikuwa wamelaza daraja la vyuma vya kuunganisha juu ya mto, na brigedi zikaanza kupita. Upinzani waliokutana nao mwanzoni ulikuwa mdogo kuliko walivyotarajia. Wavamizi walikuwa wameshaanza kurudi nyuma na mali walizopora.

Nimevuka daraja la sasa jioni. Sikutoa simu kupiga picha, maana darajani hapa askari wapo na sheria ni sheria. Nimehesabu tu hatua zangu hadi nikasahau nimefika ngapi, kwa sababu lori la miwa lilikuwa linanipigia honi.

Jumapili, Bunazi

Nimelala Bunazi, makao ya Wilaya ya Missenyi, mwendo mfupi tu kutoka mtoni. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, rafiki wa rafiki, na baada ya ibada alinipeleka shambani kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu waitu. Umekula?"

Haiwezekani kuzungumza na Mhaya kuhusu jambo lolote kabla hujala. Tulikula kwanza: ndizi, samaki, kahawa baadaye.

Mwaka ule mwalimu alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Anakumbuka milio asubuhi, anakumbuka mama yake akifunga kanga mbili, moja ya mtoto mgongoni na moja ya unga. Walivuka Kyaka wakati daraja bado lipo, kwa miguu, katika msururu wa watu na mbuzi na baiskeli. Babu yake alikataa kuondoka. Alisema ng'ombe hawezi kuachwa peke yake.

"Mlimkuta?"

"Tulikuta mahali pa nyumba."

Sikuuliza zaidi. Inakadiriwa wananchi wapatao 1,500 waliuawa katika kipande hiki kwenye wiki zile, na makumi ya maelfu walikimbia. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, mabati yaling'olewa juu ya nyumba, magari yakaburutwa. Askari wetu walipovuka walikuta vijiji vilivyochomwa na maiti zisizozikwa. Kusafisha nchi, kwanza kabisa, kulikuwa ni kuzika.

Mwalimu amenitembeza hadi penye mto, upande huu wa kaskazini, nikautazama mlima wa Kyaka kama walivyoutazama wavamizi. Hapo ndipo nilipoelewa walivyokuwa wamekaa vibaya. Waliteka tambarare. Mbele yao mto, na nyuma ya mto mlima uliojaa macho. Aliyevunja daraja alidhani amewafungia Watanzania nje, kumbe alikuwa amejiwekea ukomo wake mwenyewe: asingeweza tena kusonga mbele, na kubaki kulimaanisha kukaa chini ya mizinga. Kila siku jeshi letu lilipoongezeka kule juu, nafasi yake huku chini ilizidi kuwa finyu. Kukaa kule kwa Kyaka hakukuwa woga wala uzembe. Kulikuwa ndiyo vita yenyewe.

Nikampigia simu baba mkubwa kumwambia hivyo. "Ndiyo hivyo," akasema, kisha akauliza kama lile kanisa bado halijajengwa.

Jioni tumepita kando ya mashamba ya Kagera Sugar. Miwa imesimama pande zote za barabara, na maji ya kuimwagilia ni ya mto uleule. Wafanyakazi wanatoka mikoa yote. Nimesikia Kinyakyusa na Kisukuma ndani ya dakika moja. Mkoa wenyewe hapo zamani uliitwa Ziwa Magharibi. Uliitwa Kagera baada ya vita, na nadhani ni mikoa michache iliyolipia jina lake kwa bei hii.

Jumatatu, Mutukula

Kutoka Bunazi hadi Mutukula barabara inakata tambarare ya Missenyi, kisha taratibu inapanda. Usipokuwa unatafuta hutagundua kwamba unapanda. Mimi nilikuwa natafuta.

Mutukula ya leo ni mji wa mpakani wenye kelele: malori yamepanga foleni, wabadili fedha, vibanda vya chapati za kukunja na mayai, kituo cha pamoja cha forodha ambako unagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Vijana hapa wanazungumza Kiswahili, Kihaya na Kiganda katika sentensi moja, na wengi wana shangazi upande huu na mjomba upande ule.

Nimepata kijana wa bodaboda akanipandisha mahali pa juu kidogo nje ya mji, upande wetu. Nikageuka kusini. Tambarare yote niliyopita ilikuwa imelala mbele yangu. Mwishoni mwa 1978 jeshi letu lilikuwa limeshairudisha tambarare hiyo, na kama vita vingekuwa hesabu ya mistari tu, basi vilikuwa vimekwisha. Lakini askari wa Amin walikuwa wamebaki kwenye miinuko ya Mutukula, na kutoka huko mizinga yao iliendelea kupiga vijiji na mahandaki ya chini. Wananchi wasingeweza kurudi kulima huku makombora yakiwaangukia. Ukisimama hapa huhitaji kuwa ofisa wa jeshi kuelewa kwa nini uamuzi ulifanyika wa kuvuka mstari na kuuchukua mwinuko. Nimewahi kusoma mabishano marefu kuhusu nani alivunja sheria ipi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wengi wa wanaobishana hawajasimama hapa.

Shambulio lilifanyika usiku wa tarehe 21 Januari 1979, na kulipopambazuka Mutukula ilikuwa imetekwa. Aliyeongoza Divisheni ya 20 katika kuingia Uganda, Meja Jenerali David Musuguri, alikuja kuitwa Jenerali Mutukula.

Kilichofuata nitakisema pia, kwa kuwa kumpenda askari si kumfichia. Hasira ya yaliyoonekana ng'ambo ya Kyaka ilimwagwa hapa. Mji ulibomolewa kwa matingatinga, na raia wa Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi. Mwalimu Nyerere aliposikia alichukizwa sana, akatoa amri kwamba maisha na mali za raia ziheshimiwe kote wanakokwenda. Amri ile ilibadilisha namna jeshi lilivyoingia kwenye miji iliyofuata. Nimekaa kwenye kibanda cha mama mmoja wa upande wa Uganda, nikala katogo ya matoke na matumbo. Aliniuliza ninakotoka na ninachofanya, nikamwambia. Akasema bibi yake alikuwa akilitaja jina la Tanzania kwa namna mbili, kutegemea siku. Akaniongezea chakula.

Kutoka hapa divisheni iligawanyika: Februari wengine walishika njia ya Masaka, na Brigedi ya 206 ya Silas Mayunga ikaelekea Mbarara. Mbele yao kulikuwa na Lukaya, ambako Machi walipambana kwenye barabara inayokatiza vinamasi na majeshi ya Uganda yakisaidiwa na Walibya, pambano kubwa kuliko yote ya vita hivi. Kampala iliangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili. Nchi ya mto ilikuwa nyuma yao. Nami narudi nyuma.

Jumanne, Kaboya

Badala ya meli nimechukua basi la kusini na kushuka Wilaya ya Muleba, penye kambi ya Kaboya, walikozikwa wengi wa askari waliokufa katika vita hivi. Kila tarehe 25 Julai nchi huadhimisha Siku ya Mashujaa, na hapa ni miongoni mwa mahali jina hilo lina uzito wa kugusika. Kwa kuwa ni eneo la jeshi, nilijieleza getini, nikasubiri, nikaruhusiwa kuingia na askari mmoja.

Makaburi yamepangwa mistari, meupe, nyasi zimefyekwa. Nilitembea polepole nikisoma. Yule askari, kijana ambaye wazazi wake huenda walikuwa watoto vita vilipopiganwa, alinyamaza nikinyamaza na kujibu nikiuliza. Nilimwambia ukweli wa kilichonileta: baba mkubwa alinipa majina mawili. Ni vijana wa mgambo aliowabeba kwenye lori lake hadi Kyaka, ambao hakuwarudisha. Hakumbuki brigedi zao, anakumbuka tu kwamba mmoja alikuwa fundi cherehani na mwingine alikuwa akiimba njia nzima kutoka Mwanza. Kwa miaka yote hii ametaka kujua wamelazwa wapi.

Kwenye mistari niliyoipita sikuwaona, na mistari ni mingi. "Andika barua, kaka," yule askari akaniambia. "Weka majina yote matatu, na wilaya walikotoka, kama mzee anaijua."

Nimempigia baba mkubwa palepale. Wilaya anazijua zote mbili, na kwa mmoja hata kijiji. Barua nimeiandikia juu ya goti, nimeiacha getini pamoja na namba yangu ya simu, na nakala ya pili nimebaki nayo niipeleke makao makuu nitakapofika Dodoma Ijumaa.